Walifungwa na Michigan, wakabeba kombe: yasemwayo kuhusu msimu wa Ohio State 2024

Nikitaja msimu ule wa Ohio State, timu ya chuo kikuu inayocheza mpira wa Kimarekani (American football), mbele ya watu waliokulia kwenye soka, swali ni lilelile: timu imefungwa nyumbani na watani wake wa jadi, Michigan, tena mechi ya mwisho kabla ya mchujo wa kumpata bingwa, imekuwaje bingwa wa taifa? Si kuna ujanja hapo?

Hakuna. Ni kwamba tunausoma mpira wa vyuo vya Marekani kama ligi, na ligi sivyo ulivyo.

"Bingwa si yule anayeongoza msimamo?"

Msimamo wa wote haupo. Mwaka 2024 daraja la juu lilikuwa na timu 134, kila moja na mechi zake 12 za kawaida. Hata zicheze mwaka mzima haziwezi kukutana zote. Kwa hiyo kamati ya watu 13 hukaa na kupanga nani anamzidi nani, na ugomvi wa kila Desemba huanzia hapo. Kuanzia 2014 hadi 2023 kamati iliingiza timu nne tu kwenye mchujo, na katika miaka hiyo yote haikupenya hata moja iliyofungwa mara mbili. Mwaka 2024 nafasi zikawa 12. Waliokariri hesabu za zamani wakaachwa hapo.

"Hao ni wanafunzi, wanacheza bure."

Hiyo iliisha tarehe 1 Julai 2021, wachezaji walipoanza kuruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alisema hadharani kwamba kikosi kile cha 2024 kiligharimu kama dola milioni 20. Na uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 100,000. Wanafunzi ndiyo, lakini si bonanza la Jumamosi.

"Ukifungwa na Michigan msimu umekwisha."

Hii waliiamini hata wenyeji, na siwalaumu. Tarehe 30 Novemba, Columbus, nyumbani kwa Ohio State. Ohio State wanashika nafasi ya pili nchini. Michigan wamekuja na ushindi 6 na vipigo 5. Makampuni ya kubeti yalikuwa yanawapa wenyeji ushindi wa karibu pointi 20. Ikaisha 13-10 kwa Michigan, kwa mkwaju uliopigwa zimebaki sekunde 45. Wageni wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, watu wakashikana mashati, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kwa kocha wa Ohio State, Ryan Day, kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa Michigan, na mashabiki wakaanza kudai atimuliwe. Kabla ya hapo, Oktoba, Oregon walikuwa wamewafunga 32-31. Vipigo viwili: zamani wangefunga virago.

Safari hii waliingia kwenye mchujo wakiwa nambari 8. Tennessee wakala 42-17. Kisha Oregon walewale, ambao hawakuwa wamefungwa na yeyote, wakajikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko. Ikaisha 41-21.

Mechi ya Texas, nusu fainali, ndiyo ninayoirudia. Ohio State wanaongoza 21-14, dakika za mwisho, Texas wamefika yadi moja tu kabla ya mstari wa goli, na wana majaribio manne ya kuvuka. Jaribio la kwanza wakasukumana katikati bila kupata kitu; la pili wakarusha mpira pembeni, wakarudishwa yadi saba. Jaribio la nne, kwotabeki (mrushaji wa pasi) wa Texas, Quinn Ewers, anatafuta wa kumpa pasi. Jack Sawyer wa Ohio State anamfikia, mpira unachoropoka, Sawyer anauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. 28-14. Sawyer na Ewers waliwahi kulala chumba kimoja, Ewers alipokuwa bado Ohio State mwaka 2021.

"Kuruka raundi ya kwanza ni nusu ya kombe."

Timu nne zilipewa mapumziko hayo: Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State. Zote nne zilifungwa katika mechi yao ya kwanza. Sisemi ni mapumziko yaliyowaua. Georgia walikuwa wamempoteza kwotabeki wao kwa jeraha, na Boise State na Arizona State walipata nafasi hiyo kwa kuwa mabingwa wa kanda zao tu, yaani makundi ya vyuo wanamocheza. Ila kukaa wiki tatu na zaidi bila mechi, mimi nisingeiita zawadi.

Fainali ilikuwa Atlanta, tarehe 20 Januari 2025. Ohio State waliongoza 31-7, Notre Dame wakapanda hadi 31-23, na jasho likaanza kutoka. Ndipo Jeremiah Smith wa Ohio State, kijana wa mwaka wa kwanza, akadaka pasi ya yadi 56 katika jaribio la tatu. Ikaisha 34-23. Ushindi 14, vipigo 2.

Michigan walimaliza na ushindi 8 na vipigo 5, nje ya mchujo.