Kwa nini mawingu ya masika Nairobi hayazai tornado

Masika yakianza, simu yangu hujaa video. Wingu jeusi limening'inia juu ya Kitengela au Rongai, ncha imechongoka kuelekea chini, na anayerekodi anapaza sauti kwamba tornado, ile nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini, imefika Kenya. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, na huwauliza wote swali moja: je, wingu linazunguka? Weusi wake hauniambii kitu, wala ngurumo zake.

Joto na unyevu tunavyo tele. Mchana wa Aprili, hewa iliyobeba unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda, na kufikia saa tisa alasiri mawingu yamefura hadi kimo cha zaidi ya kilomita 10. Tunachokosa ni tofauti ya upepo kati ya chini na juu. Puto linalorushwa kutoka kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, Nairobi, hubeba kifaa kidogo cha kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na jinsi linavyopeperushwa ndivyo tunavyojua upepo. Siku nyingi za masika nikisoma takwimu zake naona upepo wa mashariki, wa polepole, na kilomita 5 juu bado ni wa mashariki, haujapata kasi ya maana. Katika hewa hiyo wingu hupanda wima, mvua yake inaangukia palepale hewa inapopandia, nalo linajizima lenyewe. Baada ya saa moja hivi, limekwisha.

Kule Oklahoma, Marekani, mwezi Mei mambo ni mengine. Chini, upepo wa kusini mashariki unaleta unyevu wa Ghuba ya Meksiko. Juu yake hutanda hewa kavu yenye joto inayozuia mawingu yasikue mapema, hivyo nguvu inalimbikizwa hadi alasiri. Juu zaidi, upepo wa magharibi unakwenda kasi. Tofauti hiyo ikifika kama kilomita 65 kwa saa ndani ya kilomita 6 za kwanza, hewa ya katikati huviringika kwa ulalo, kama mti wa kusukumia chapati. Mkondo unaopanda huuinua mviringo huo na kuusimamisha, na wingu zima likaanza kuzunguka. Mvua nayo inasukumwa pembeni, kwa hiyo wingu linaishi saa kadhaa.

Hata hapo, mengi hayazai tornado. Mwamuzi yuko karibu na ardhi: hewa iliyopozwa na mvua inayoshuka nyuma ya wingu. Ikiwa baridi mno ni nzito, haiinuki. Ikiwa vuguvugu, hunyonywa juu, mzunguko unavutwa ukawa mwembamba, na kasi ikapanda.

Ili kulijua hilo, watu walilazimika kusogea karibu. Tim Samaras, mtafiti wa tornado wa Marekani, alikuwa akitega vipimo ardhini mbele ya tornado na kukimbia. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na Manchester, South Dakota, kipimo chake kilionyesha mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 100, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa kawaida. Namheshimu sana. Tarehe 31 Mei 2013, huko El Reno, Oklahoma, tornado ilipanuka hadi kilomita 4.2, ikabadili njia na kuongeza mwendo. Ilimuua yeye, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young.

Wengi huniambia ikweta inatukinga kwa sababu mzunguko wa dunia hauna nguvu hapa. Si hivyo moja kwa moja. Tornado ni ndogo mno kuongozwa na mzunguko wa dunia. Kinachotusaidia ni kwamba ule upepo mkali wa juu hukaa mbali na ikweta.

Lakini mabati yanang'olewa, na majirani huapa ilikuwa tornado. Mara nyingi ni hewa baridi iliyoporomoka kutoka winguni kwa pamoja, ikagonga ardhi na kutawanyika. Nenda ukaangalie miti iliyoanguka. Ikiwa imelala yote upande mmoja, au imetandazwa kutoka sehemu moja kwenda nje, basi upepo uliporomoka. Tornado huiacha miti imeelekeana na kupishana, ndani ya ukanda mwembamba.