Dokezo kwanza, oda baadaye: fedha za halmashauri hulindwa wapi

Wengi wetu, watumishi tukiwemo, tunadhani fedha za umma zinalindwa pale hati ya malipo inaposainiwa. Hapo ni mwisho wa safari. Mzigo umeshapokelewa, mzabuni ameshaleta ankara na halmashauri inadaiwa. Mweka Hazina akikataa kusaini, deni halifutiki kwa kukataa kwake. Kizuizi chenye nguvu kiko nyuma zaidi, siku idara inapoandika dokezo, yaani andiko la ndani ya ofisi la kuomba kitu, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Tuanzie juu kidogo. Ibara ya 136 ya Katiba ya Tanzania inazuia fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali isipokuwa matumizi yake yameidhinishwa na Katiba yenyewe au na sheria iliyopitishwa na Bunge. Ndiyo maana kila Juni Bunge hupitisha Sheria ya Matumizi, mwaka wa fedha ukianza Julai 1. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, tunamjua zaidi kwa ripoti anazomkabidhi Rais mwezi Machi, lakini Ibara ya 143 imempa kazi nyingine inayotangulia ukaguzi: kuhakikisha kwamba fedha zinazokusudiwa kutolewa katika Mfuko huo zimeidhinishwa, na akiridhika ndipo anaruhusu zitolewe. Kwa hiyo hata Hazina yenyewe haijifungulii mlango.

Bunge halipitishi fedha kwa jumla jumla. Mkoa wa Tabora una fungu lake, namba 85, na ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya vifungu kuna kasma, yaani mstari wa bajeti wa aina moja ya matumizi. Kasma ndiyo ngazi inayotuhusu kila siku. Fedha ya dizeli si fedha ya posho ya safari, hata kama zote ni za idara moja na mkuu wa idara ni yuleyule.

Sasa kuna mambo matatu ambayo yakichanganywa huzaa madeni: bajeti, idhini ya kutumia, na fedha iliyopo benki. Bajeti ni makisio. Ukiona kasma ina shilingi milioni 20 kwenye kitabu cha bajeti, haina maana kwamba unaweza kuagiza vitu vya milioni 20 mwezi wa Agosti. Kwa halmashauri zetu za tumbaku, Urambo, Kaliua au Sikonge, jambo hili lina uzito wa pekee. Ushuru wa zao ni asilimia 3 ya thamani ya mauzo, na huingia msimu wa masoko. Miezi mingine makusanyo hushuka sana. Juu ya hapo, asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa uwiano wa 4, 4 na 2. Hiyo si fedha ya kuazima kulipia mafuta kwa matumaini ya kuirudisha msimu ujao. Mpango wa mtiririko wa fedha unaogawa makisio kwa kumi na mbili kila mwezi sawa, kwa Tabora, ni mpango wa uongo. Ugawe kwa kufuata makusanyo halisi ya miaka mitatu iliyopita, mwezi kwa mwezi.

Tuchukue mfano wa madawati 60 kwa shilingi 75,000 kila moja, jumla 4,500,000. Idara ya elimu inaandika dokezo likitaja kasma, idadi, sifa za dawati na shule zitakazopelekewa. Kabla dokezo halijafika kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha za halmashauri, uhasibu unaangalia salio la kasma. Salio la kweli ni kilichoidhinishwa, toa kilicholipwa, toa pia oda zilizokwisha kutoka lakini hazijalipwa. Hicho cha tatu ndicho husahaulika. Kasma inaonyesha milioni 5, kumbe milioni 3 zimeshaahidiwa kwa mzabuni mwingine, na madawati yanaagizwa juu ya milioni 2.

Salio likitosha na Mkurugenzi akaidhinisha, Kitengo cha Ununuzi kinaendesha mchakato kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, oda inatoka, na kiasi chake kinafungwa kwenye mfumo ili mtu mwingine asikiguse. Madawati yakifika, kamati ya ukaguzi na mapokezi inayahesabu na kuyalinganisha na sifa zilizoagizwa. Mtu aliyeomba asiwe ndiye anayenunua, wala anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Malipo hupita MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, ambako anayeandaa, anayehakiki na anayeidhinisha wanapaswa kuwa watu tofauti. Kwenye bidhaa inakatwa kodi ya zuio asilimia 2, yaani 90,000 kwa mzabuni asiyetoza VAT, naye anapata 4,410,000.

Hati ya malipo iliyokamilika ina dokezo lenye idhini, oda, hati ya makabidhiano, taarifa ya kamati ya mapokezi, ankara na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Mimi huangalia tarehe kabla ya viwango. Zikipangwa, lazima zishuke kwa mfuatano: dokezo, idhini, oda, mapokezi, ankara, malipo. Oda yenye tarehe ya baada ya ankara inasema wazi kwamba mzigo uliletwa kwa maneno ya simu na karatasi zikatengenezwa baadaye. Mkaguzi hahitaji ushahidi mwingine kuandika hoja.

Mfumo hauzuii hayo peke yake. Mhasibu akimwachia mwenzake nywila kwa sababu amesafiri kwenda Dodoma, watu watatu wanabaki wawili, na kwenye kumbukumbu za mfumo ni jina lake litakaloonekana. Utaratibu sahihi ni Mkurugenzi kumkaimisha mtu kwa barua na mtu huyo kupewa haki zake mwenyewe kwenye mfumo.

Kisha kuna dharura. Daraja la mbao limesombwa na kasma ya matengenezo imekwisha: njia ni kuomba uhamisho wa fedha kutoka kasma nyingine, kwa mamlaka yenye uwezo wa kuidhinisha, na kibali kije kabla ya kutumia. Kulipia daraja kutoka kasma ya mafunzo kisha kuomba kibali ni matumizi nje ya bajeti, hata kama daraja limejengwa vizuri na wananchi wanapita.

Juni ndiyo mwezi mgumu. Kila idara inataka kumaliza salio kabla ya tarehe 30, na hapo hutokea kosa zito kuliko yote niliyotaja: kusaini kwamba mzigo umepokelewa wakati haujafika, ili fedha isirudi. Kufikia katikati ya Mei nashauri uhasibu utoe orodha ya oda zote ambazo hazijakamilika, kila mkuu wa idara aandike tarehe ya mzigo kufika, na zile zisizowezekana ziombewe mapema kibali cha bakaa, yaani cha kuvuka na fedha iliyobaki kwenda mwaka unaofuata, au zifutwe, kasma ifunguliwe, na mzabuni ajulishwe kwa barua.