Mshipa upi? Dhana potofu kuhusu neva za mguu

Mkanganyiko mwingi unaanzia katika lugha yetu wenyewe, kwa kuwa neno «mshipa» limebebeshwa kila kitu chenye umbo la kamba mwilini: mshipa wa damu, kano inayounga msuli na mfupa, na neva, yaani mshipa wa fahamu. Anayesema «mshipa wa mguu umekaza» huenda anakusudia chochote kati ya hivyo vitatu, ilhali kinachofaa kwa kimoja kinaweza kudhuru kingine. Makala haya yanahusu neva peke yake.

Dhana iliyo nzito kuliko zote humhusu mtoto aliyeingia zahanati akitembea, akachomwa sindano takoni, akatoka akiburuta mguu. Mtaani husemwa kwamba dawa ilikuwa kali, au amepata polio, au kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba ndani ya tako hupita neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, ambayo kwa mtu mzima inakaribia unene wa kidole gumba. Sindano ikichomwa katikati ya tako au chini zaidi, ncha yake au dawa yenyewe inaweza kuifikia, na kwinini, iliyochomwa sana miaka ya nyuma kutibu malaria, inajulikana kwa kuunguza neva. Kwa hiyo ukali wa dawa una sehemu yake, lakini chanzo ni mahali palipochomwa. Ndiyo sababu wauguzi hufundishwa kuligawa tako mafungu manne na kuchoma fungu la juu la upande wa nje, na kwa mtoto mchanga kuchoma paja, mbele kwa upande wa nje. Polio kwa kawaida hutanguliwa na homa na haiondoi hisia za ngozi. Aliyeumizwa na sindano mara nyingi hulia papo hapo kwa maumivu yanayoteremka mguuni, kisha ngozi ya juu ya wayo hufa ganzi. Hata hivyo, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla anapaswa kupimwa choo, kwa sababu polio ikipuuzwa haimwathiri yeye peke yake.

Dhana nyingine ni kwamba wayo unaoning'inia una ugonjwa kwenye kifundo, basi kifundo hukandwa wiki baada ya wiki. Mtazame mtu huyo akitembea: hupandisha goti juu kana kwamba anapanda ngazi isiyokuwepo, wayo huanguka chini kwa kishindo, na ndala yake huwa imelika mbele, au humtoka njiani bila yeye kujua. Mara nyingi kifundo hakina kosa lolote. Neva inayoinua wayo huzunguka shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, chini kidogo ya goti, ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ukipapasa hapo kwa kidole unaweza kuihisi ikiteleza kama uzi mnene. Bampa la gari likimgonga mwendesha bodaboda mahali hapo, au mtu akichuchumaa kwa saa nyingi shambani, inaumia. Ukoma nao huipenda sehemu hiyo.

Hapo ndipo linapoingia suala la hogo, yaani plasta ngumu inayofungwa mguu uliovunjika, ambalo likibana chini ya goti huigandamiza neva hiyohiyo. Wengi huamini kwamba likibana sana ndipo mfupa unaunga vizuri, na baadhi ya mafundi wa kienyeji hufunga vibao kwa imani hiyohiyo. Mfupa unahitaji kutulizwa, haunufaiki kwa kubanwa. Mgonjwa akishindwa kuinua kidole gumba cha mguu, hogo linapaswa kulegezwa siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba neva ikiumia mguu mzima hupooza. La. Neva ya mbele ya paja ikiumia, goti hukosa nguvu ya kunyooka na mtu huanguka akishuka ngazi. Inayopita nyuma ya goti ikiumia, hawezi kusimama kwa ncha za vidole na unyayo hupoteza hisia. Ganzi ya upande wa nje wa paja pekee, bila udhaifu wowote, mara nyingi hutokana na mkanda au suruali inayobana kinena.

Kuhusu kuchua kwa mafuta ya moto na kuloweka mguu katika maji ya moto, sioni sababu ya kupunguza maneno: unyayo usiohisi huungua bila taarifa, na kidonda chake huchelewa kupona.

Mwisho ni dhana ya kwamba neva ikishaumia hairudi. Iliyobanwa tu inaweza kupona ndani ya wiki chache. Ambayo nyuzi zake zimekatika ndani lakini ala yake ni nzima huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo jeraha la gotini husubiriwa kwa miezi, na la takoni kwa mwaka na zaidi. Iliyokatika kabisa huhitaji kushonwa mapema, kwani msuli uliokaa bila neva zaidi ya mwaka mmoja na nusu kwa kawaida haupokei tena. Katika kusubiri huko, wengine huogopa wanapohisi siafu wakitambaa mguuni na kudhani hali inazidi. Mtaalamu wa fiziotherapia hugongagonga kwa kidole kufuata njia ya neva mpaka siafu hao wazuke, akaweka alama ya kalamu. Mwezi ujao, kama neva inakua, alama mpya huwekwa kama sentimita 3 chini ya ile ya kwanza.