Kabla ya Kukodi Mashine ya Mashimo ya Nguzo, Chimba Moja kwa Mkono

Karibu kila anayetaka kusimika nguzo huniuliza swali lile lile: mashimo yawe mangapi ndipo inafaa kukodi mashine? Anataka nimtajie idadi, na ninapokataa huona ninamnyima siri ya kazi. Idadi haiamui. Kinachoamua ni udongo, kisha kipenyo cha shimo. Idadi ni ya tatu.

Kipenyo hakina maneno mengi. Shimo la kipenyo cha sentimita 30 na kina cha sentimita 90 hutoa takriban lita 64 za udongo. Kipenyo kikifika sentimita 60 kwa kina kile kile, udongo huongezeka mara nne na kuzidi lita 250, ambazo kwa uzito ni kiasi cha kilo 400. Kwa hiyo anayeniambia kwamba ana "mashimo manne tu" bila kutaja kipenyo bado hajaniambia kitu. Mashine za kushikwa kwa mikono hazikutengenezwa kwa mashimo mapana namna hiyo. Hapo inatakiwa keekee, yaani chuma cha mashine kinachozunguka na kutoboa ardhi, inayofungwa kwenye trekta au kwenye mkono wa ekskaveta, na lazima pawepo njia ya kuifikisha.

Sasa udongo, maana hapa ndipo penye imani inayonichosha: kwamba ardhi ikiwa ngumu, basi mashine ndiyo dawa. Ugumu wa aina gani? Udongo mkavu ulioshikamana na usio na mawe ni kazi halali ya mashine. Udongo wenye mawe sio, kwa sababu meno ya keekee ya kawaida yameundwa kukata udongo, na bapa lake lililosokotwa limeundwa kuupandisha juu. Hayavunji mwamba wala hayang'oi jiwe lililokwama ukutani mwa shimo. Keekee ikinasa kwenye jiwe kama hilo husimama ghafla ilhali injini inaendelea kusukuma, na nguvu yote huhamia kwenye mipini na kumzungusha aliyeishika. Watu huumia viganja na migongo kwa namna hiyo. Mwenye mtaimbo angelisikia jiwe mara ya kwanza chuma kinapoligonga, akalizunguka, akalitikisa na kulitoa bila madhara. Mizizi minene huleta tatizo hilo hilo. Mfinyanzi uliolowa una ubaya wake: keekee hujizamisha kama parafujo kwenye ubao, na asiyeiinua kila baada ya sentimita 20 au 30 ili kuukung'uta udongo huishia kuifukua kwa sepeto. Mchanga mkavu huchimbika upesi na kuporomoka upesi.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kabla ya kulipa chochote uchimbe shimo moja kwa mkono hadi kina kamili, pale unapoamini ardhi ni mbaya zaidi. Ukifika chini bila kukutana na mawe, kodi, hata kama mashimo ni machache lakini mapana. Ukiutumia mtaimbo tangu juu hadi chini, acha, hata kama mashimo ni mengi. Kati ya hali hizo mbili sina kanuni, na ninamtilia shaka anayedai kuwa nayo, kwa kuwa ardhi hubadilika ndani ya mita chache na shimo la majaribio halizungumzii mstari mzima. Mstari ukiwa mrefu, mimi huchimba la pili upande wa mwisho, na bado hutokea nikashangazwa na la katikati.

Ukiamua kukodi, kumbuka kwamba kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa unapoichukua mashine. Weka alama za mashimo yote mapema, na uhakikishe kwa wahusika kwamba hakuna nyaya wala mabomba chini. Hilo la nyaya linamhusu hata mwenye sururu.

Mashine pia haimalizi shimo. Huacha udongo uliolegea chini, na nguzo iliyosimikwa juu yake huzama baadaye. Katika mfinyanzi hulainisha ukuta hadi ukang'aa, na ukuta wa namna hiyo haushiki vizuri. Kwa hiyo toa udongo uliolegea kwa mkono, shindilia kitako, ukwaruze kuta kwa ncha ya mtaimbo, ndipo usimike nguzo.