Kongosho Kuvimba Sugu: Si Pombe Peke Yake

Hapa Mtwara na Lindi, maumivu ya chembe cha moyo yakipenya hadi mgongoni huitwa vidonda vya tumbo, na mtu hunywa dawa za asidi miaka nenda rudi. Lakini yakizidi baada ya kula, mtu akakonda, na choo kikawa kimepauka, kina mafuta na kinaelea, mimi hulifikiria kongosho kwanza.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vikiwa vimelala. Kimojawapo, tripsinojeni, kinapaswa kuamka na kuwa tripsini kikishafika utumbo mwembamba. Kikiamka mapema, kinaanza kumeng'enya nyama ya kongosho lenyewe. Hilo likijirudia, panabaki makovu, mirija hubana na vijiwe vya chokaa hujengeka. Makovu hayo hayaondoki; huko ndiko kuvimba sugu kwa kongosho.

Kuna wanaozaliwa na hatari hiyo ya tripsini kuamka mapema. Jeni ya PRSS1, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1996, ikiwa na hitilafu hutoa tripsini isiyozimika kirahisi. Nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, kwa hiyo kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na takriban 80 kati ya 100 wanaoirithi huugua, mara nyingi wakiwa bado watoto. Jeni ya SPINK1 ni breki ya tripsini; ile ya CFTR husaidia juisi ya kongosho isiwe nzito. Hitilafu za jeni hizi mbili ni nyepesi zaidi: wengi wanazibeba na hawaugui maisha yao yote, isipokuwa kitu kingine kiongezeke.

Kitu hicho mara nyingi ni pombe. Kiwango kinachotia hofu ni gramu 80 za kilevi kila siku, kwa miaka. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, basi ni chupa nne. Nipa, gongo la mabibo, haina lebo. Ikifika asilimia 40, robo lita tu imetimiza gramu hizo. Msimu wa mabibo, mtu anaweza kuvuka kiwango hicho kabla jua halijazama. Hata hivyo, chini ya 5 kati ya 100 wa wanywaji wakubwa ndio hupata ugonjwa huu, na hapo ndipo jeni na sigara huingia.

Sigara hudharauliwa mno. Huharibu kongosho hata kwa asiyeonja pombe, na anayevuta pakiti nzima kwa siku ana hatari takriban mara 3 ya asiyevuta. Kwa wenye ugonjwa wa kurithi, huleta saratani ya kongosho karibu miaka 20 mapema. Mgonjwa aliyeacha pombe akabaki na sigara amefanya nusu ya kazi.

Muhogo nao hushukiwa, kwa sababu ya sianidi, sumu iliyomo ndani yake. Dhana hiyo ilipata nguvu Kerala, India, lakini ugonjwa upo hata kusikoliwa muhogo, na wagonjwa wengi wa huko walikutwa na hitilafu ya SPINK1. Muhogo mchungu bado uloweke siku 3 au zaidi kabla ya kuuanika, ila hiyo ni kujikinga na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu.

Ukienda hospitali, taja ndugu waliougua kongosho, waliopata kisukari wakiwa wembamba, na watoto wa ukoo wenye maumivu ya tumbo yanayorudi. Ugonjwa ukianza kabla ya miaka 25 bila sababu, au ndugu wawili wakiwa nao, kipimo cha jeni kina maana. Kwa mlevi wa miaka 50 hakibadilishi tiba. Usitulizwe na kipimo cha damu cha amilesi, kimeng'enya cha kongosho, kikiwa cha kawaida, maana kongosho lililochakaa haliwezi tena kuipandisha. Ultrasaundi nayo hukosea gesi ikijaa. Picha ya eksirei ya tumbo wakati mwingine huonyesha vijiwe waziwazi, na CT, picha ya kompyuta, huonyesha zaidi.

Ugonjwa huu ukileta kisukari, insulini ianze kwa kipimo kidogo: kongosho lililoharibika limepoteza pia glukagoni, homoni inayoinua sukari, hivyo sukari ya mgonjwa huyu huporomoka haraka akikosa mlo.