Carl Nafzger: kutoka mgongoni mwa fahali hadi Kentucky Derby

Watu wakisikia kwamba Carl Nafzger alipanda fahali wa rodeo, michezo ya kupanda wanyama wakali, kabla ya kuwa mkufunzi wa farasi wa mbio, humsifu kwa ujasiri. Mimi kazi yangu ni kuwanoa farasi wa mbio, na sifa hiyo hainitoshi. Siku ya mashindano mkufunzi yuko chini. Anayeweka shingo yake rehani ni joki, yule anayempanda farasi mbioni. Nafzger alitoka kwenye rodeo na jicho la kumsoma mnyama, pamoja na subira ya kungoja siku yenyewe.

Alizaliwa Plainview, Texas, mwaka 1941, na miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa wapanda fahali wakubwa wa Marekani. Mpanda fahali anatakiwa akae mgongoni sekunde 8, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine uko hewani na haruhusiwi kumgusa nao mnyama. Hakuna nafasi ya kufikiri. Bega la fahali likianza kushuka, kiuno chako kiwe kimeshajua anageukia wapi.

Jicho hilo ndilo tunalolihitaji bandani. Alfajiri mimi huanza na ndoo ya chakula. Farasi akiacha nusu ya shayiri aliyokuwa akiimaliza kila siku, hata kama anaonekana mchangamfu, hakimbii shoti siku hiyo. Kisha napitisha kiganja mguu wa mbele, kuanzia gotini kushuka, taratibu, nikitafuta joto kwenye kano. Mara nyingi saisi, mtunza farasi, ameshaligundua kabla yangu, kwa sababu ndiye anayeshinda naye. Anayedharau neno la saisi atavunja farasi wengi.

Nafzger alijulikana kwanza kwa farasi Unbridled, aliyeshinda Kentucky Derby, mbio maarufu kuliko zote Marekani kwa farasi wa miaka 3, mwaka 1990, na baadaye mwaka huohuo Breeders' Cup Classic, mojawapo ya mbio kubwa za mwisho wa msimu. Mwenye farasi, Bibi Frances Genter, alikuwa na miaka 92 na macho yake hayakuona vizuri, hivyo Nafzger alisimama kando yake akimsimulia mbio hatua kwa hatua hadi mwisho, kisha akamwambia anampenda. Kamera za televisheni zilikuwa zinawatazama. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi na bado inanigusa.

Lakini ukitaka kujifunza ukufunzi, mfuatilie farasi wake mwingine, Street Sense. Mwaka 2006, akiwa na miaka 2, alishinda Breeders' Cup Juvenile, mbio za farasi wa umri huo, kwa urefu wa farasi 10. Tangu mbio hizo zianze mwaka 1984, hakuna mshindi wake aliyekuwa ameshinda Derby mwaka uliofuata. Wengi walichoka mapema, na si ajabu: mbio ngumu hula mwili, farasi hupungua uzito, na mifupa ya mnyama mchanga bado inajijenga.

Nafzger alihesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Derby. Alimpumzisha, kisha akampa mbio mbili tu kabla ya Derby. Ya kwanza, Tampa Bay Derby, alishinda kwa pua, yaani tofauti ndogo kabisa. Ya pili, Blue Grass, alishindwa kwa pua. Hapo ndipo mkufunzi mwenye moyo mwepesi angeongeza mazoezi makali ili kujituliza mwenyewe. Nafzger hakuubadili mpango wake.

Siku ya Derby walikimbia farasi 20 pale Churchill Downs, Louisville, na mwanzoni Street Sense alikuwa wa 19. Joki Calvin Borel akambana kwenye uzio wa ndani, ambako njia ni fupi, akawapita karibu wote bila kwenda nje, na kushinda kwa urefu wa farasi wawili na robo. Nguvu ilikuwapo kwa sababu haikumwagwa Machi na Aprili.

Mwaka 2008 Nafzger aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mbio za farasi la Marekani. Farasi wengi alishamwachia msaidizi wake wa miaka mingi, Ian Wilkes, naye mwaka 2012 akashinda Breeders' Cup Classic na Fort Larned.