Seli Iliyokufa Mwilini na Seli Iliyoharibikia Chupani

Kila ninapoweka slaidi chini ya hadubini, swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: seli hizi zilikufa mgonjwa akiwa hai, au zimeharibika baada ya kinyama, yaani kipande cha tishu cha kupimwa, kukatwa na kutiwa chupani? Wanafunzi wanaoanza patholojia, yaani elimu ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza tishu, hapa Moshi hupenda kukimbilia majina ya magonjwa, lakini naamini kwamba asiyeweza kujibu swali hilo hafai kukabidhiwa slaidi yoyote.

Seli inaponyimwa damu na oksijeni huvimba kwa maji, na hadi hapo inaweza kupona. Ikishavuka mpaka huo, kiini chake husinyaa na kukolea rangi, hukatikakatika, kisha hufifia. Mwili ulio hai hauachi jambo hilo lipite hivi hivi: mishipa midogo hutanuka, seli nyeupe za damu aina ya nutrofili huingia penye jeraha, na baadaye hufuata makrofaji zinazosafisha mabaki. Katika misuli ya moyo nutrofili hujaa kati ya siku ya 1 na ya 3. Ndiyo maana misuli ya mtu aliyefariki muda mfupi tu baada ya mshipa wa moyo kuziba huweza kuonekana mizima kwa hadubini ya kawaida. Tishu iliyoharibikia chupani haina mwitiko huo, kwani vimeng'enya vyake vyenyewe ndivyo vilivyoimeng'enya.

Kwa hiyo nawasihi wenzetu wa wilayani: kinyama cha umio, ambako saratani si ngeni kwetu Kilimanjaro, kitiwe mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10, isiyopungua mara 10 ya ujazo wake. Formalini hupenya polepole, takribani milimita 1 kwa saa, hivyo kiungo kikubwa kama titi lazima kipasuliwe, la sivyo katikati kutaoza. Baada ya hapo alkoholi huondoa maji, nta ya parafini huishika tishu, nayo mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, huikata kwa unene wa mikromita 3 hadi 5. Hematoksilini hutia viini rangi ya buluu, eosini hutia sehemu nyingine waridi.

Kwa mfano wa seli zilizokufa mwilini, tazama tezi ya limfu ya shingoni yenye kifua kikuu. Katikati pana eneo la waridi lisilo na umbo, ambalo kwa macho matupu hufanana na jibini. Kulizunguka kuna makrofaji zilizorefuka, seli kubwa zenye viini vingi vilivyojipanga pembezoni, na ukingo wa limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu. Rangi ya Ziehl-Neelsen huweza kuonyesha bakteria wa ugonjwa huo wakiwa wekundu, ila mara nyingi huwa wachache mno na hawaonekani, na kutoonekana kwao hakuufuti ugonjwa; hapo ripoti hutegemea mwitiko wa tishu pamoja na maelezo ya daktari aliyemwona mgonjwa.